Cheti kiko kwenye simu, mtoto yuko mezani

*Mafunzo endelevu ya mtandaoni yamewafikia wauguzi, wakunga na matabibu wa Mbalizi na Nyanda za Juu Kusini. Linalobaki ni nani anayagharamia, na kama yanafika mikononi.*

Na Mwandishi Wetu

Mtoto amezaliwa saa nane usiku na hajalia. Mkunga ana dakika moja. Anamkausha kwa kanga kavu, anaitoa ile iliyolowa na kumfunika kwa nyingine, anamsugua mgongo. Kimya. Anafunga na kukata kitovu, anamhamishia mezani, anamlaza shingo ikiwa imenyooka, anaweka barakoa ndogo juu ya mdomo na pua, anaibana isivuje hewa, kisha anaanza kuminya ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa, macho yakiwa kifuani mwa mtoto. Kifua kikipanda, hewa inaingia. Kisipopanda, ama barakoa imekaa vibaya, ama shingo imepinda, na muda unakwenda.

Wakufunzi wa ukunga huiita dakika ya dhahabu. Katika zahanati nyingi za vijijini, mkunga huikabili akiwa peke yake. Hakuna daktari chumba cha pili wala mwenzake wa zamu wa kumwita.

Mfukoni mwake kuna simu. Ndani ya simu hiyo huenda kuna cheti kinachoonyesha kwamba amemaliza somo la mtandaoni la kumsaidia mtoto mchanga kupumua, amejibu maswali na kupata pointi za kuhuisha leseni yake. Cheti hicho ni halali, na aliyekipata amejitahidi. Lakini mtoto aliye mezani hasaidiwi na cheti. Anasaidiwa na mikono iliyoizoea ile barakoa.

Hapo ndipo penye mjadala wa mafunzo endelevu ya mtandaoni kwa wataalamu wa afya, na ni mjadala unaoihusu Mbalizi kama unavyoihusu Dar es Salaam.

Mji wa barabarani, hospitali ya vijijini

Mbalizi iko magharibi ya Jiji la Mbeya, kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia. Malori ya mizigo ya Zambia na Kongo hupita hapa usiku na mchana, baada ya kuteremka mlima wa Iwambi ambao madereva wote wa njia hii wanaujua kwa ajali zake. Uwanja wa ndege wa Songwe uko jirani. Barabara nyingine inaingia kaskazini kuelekea Galula na Mkwajuni, kwa wakulima, wafugaji na wachimbaji wa dhahabu.

Kwa hiyo anayefanya kazi ya afya hapa hapati mgonjwa wa aina moja. Hospitali ya Ifisi, iliyo chini ya kanisa, hupokea majeruhi wa barabarani, mama mwenye kifafa cha mimba aliyetoka mbali, mtoto mwenye nimonia katika baridi ya Juni na Julai, na mzee mwenye presha ambaye hakuwahi kupimwa. Kesi nzito hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na za uzazi huenda kwenye kitengo chake cha wazazi ambacho kila mwenyeji anakiita Meta.

Kuna pia VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mikoa 3 ya ukanda huu ndiyo inayoongoza. Muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo katika mikoa hiyo ameshuhudia mwongozo wa dawa ukibadilika zaidi ya mara moja katika utumishi wake. Tangu 2019 nchi ilipoanza kuhamia kwenye dawa yenye dolutegravir, aliyesoma chuo miaka 10 kabla ya hapo alilazimika kujifunza upya cha kumpa mgonjwa na cha kumwonya.

Elimu ya udaktari na uuguzi huchakaa. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye namna ya kuihuisha.

Kutoka posta hadi bando

Wazo la kumfuata mtumishi wa afya kwa masomo pale alipo si la juzi. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 kama huduma ya madaktari warukao kwa ndege, lilikuja kuendesha masomo ya masafa kwa watumishi wa vijijini wa Afrika Mashariki. Tanzania ilianzisha chuo cha CEDHA jijini Arusha mwaka 1983 kwa ajili ya kuendeleza elimu ya watumishi wa afya, na baadaye ikawa na vituo vya kanda. Nyanda za Juu Kusini kituo kiliwekwa Iringa, kwenye Chuo cha Afya ya Msingi.

Enzi hizo somo lilikuja kwa bahasha. Mtumishi alisoma kijitabu kwa taa ya chemli, akajaza majibu, akayarudisha kwa posta na kungoja wiki kadhaa asahihishiwe. Wengi walijisomea pia kitabu cha David Werner kilichotafsiriwa kwa Kiswahili kama *Mahali Pasipo na Daktari*, ambacho kilikaa mezani mwa zahanati nyingi hadi kurasa zikachanika.

Mageuzi makubwa yalianzia kwa majirani. Mwaka 2005 AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture walianza kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi stashahada kwa masomo ya kompyuta. Kenya ilikuwa na wauguzi wa aina hiyo wapatao 22,000, na kwa nafasi zilizokuwapo vyuoni ingechukua miongo kuwamaliza. Muuguzi alibaki kituoni kwake, akasoma jioni, akafanya mazoezi ya vitendo katika hospitali iliyo karibu.

Tanzania ilifungua njia ya mtandao miaka michache baadaye. Kebo za baharini zilipofika Dar es Salaam kuanzia 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulioanza kujengwa mwaka huohuo ukafika hadi mpakani Tunduma, Mbalizi ilijikuta kwenye njia kuu ya intaneti kama ilivyo kwenye njia kuu ya malori. Kisha kikaja kirusi cha korona, kilichotangazwa nchini kwa mara ya kwanza Machi 16, 2020. Semina za kukusanyika zikasimama. Waliokuwa wakisita kusoma kwa simu hawakuwa na njia nyingine.

> "Enzi hizo somo lilikuja kwa bahasha, siku hizi linakuja kwa bando, na bando lina mwenye kulilipia."

Sheria nayo imeingia

Kujiendeleza kulikuwa hiari na heshima ya mtu. Sasa ni sharti. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, Sheria ya Famasi ya 2011 na sheria ya 2017 inayowasimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi zimeyapa mabaraza ya taaluma mamlaka juu ya usajili na leseni. Anayetaka kuhuisha leseni anatakiwa kuonyesha kwamba amejiendeleza, na kipimo ni pointi.

Mabaraza yana hoja nzito. Leseni ni ahadi ya Serikali kwa mgonjwa kwamba huyu anayemchoma sindano anajua anachofanya leo, hata kama alihitimu zamani. Nchi jirani zinakwenda njia hiyohiyo: daktari wa Kenya anatakiwa kukusanya pointi 50 kila mwaka.

Lakini sharti likiwekwa, lazima kuwe na njia ya kulitimiza. Daktari wa Dar es Salaam ana kongamano kila mwezi, hospitali kubwa, vyama vya kitaaluma na hoteli zenye kumbi. Muuguzi wa zahanati ya bondeni kuelekea Galula hana. Kwake mtandao ndio mlango pekee uliobaki wazi. Ukimfungia huo, umemnyima leseni kwa kosa la kufanya kazi kijijini.

Kwa nini wengi wanayatetea

Hoja ya kwanza ya watetezi ni hesabu ya watu. Zahanati yenye watumishi 2 ikimpeleka mmoja semina ya siku 5 mjini, imebaki na mmoja mchana na usiku. Akiugua huyo, mlango unafungwa. Somo la mtandaoni halimwondoi mtu kazini.

Ya pili ni haki. Kila aliyefanya kazi hospitalini anajua jinsi nafasi za semina zinavyogawanywa. Mara nyingi huenda mkubwa wa idara, kwa kuwa kuna posho na kwa kuwa barua imeandikwa kwa cheo chake. Mkunga anayeshika zamu za usiku hubaki, ilhali ndiye anayekutana na mama anayetoka damu. Mtandao hauulizi cheo. Anayejiandikisha anasoma.

Ya tatu ni kasi. Mwaka 2023 jarida la *New England Journal of Medicine* lilichapisha matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuwahusisha wanawake zaidi ya 200,000. Badala ya mkunga kukadiria kwa macho damu iliyomtoka mama, anaweka chini yake mfuko wa plastiki wenye vipimo. Damu ikifika kiwango cha hatari, hatua zote zinachukuliwa kwa mpigo: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kumchunguza mama kujua damu inatoka wapi. Madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60.

Matokeo hayo yamepatikana pia kwa jasho la wakunga wa Tanzania. Yangesubiri mzunguko wa semina, yangechukua miaka kufika Ifisi, na mingine kufika zahanati za pembezoni. Kwa simu yanaweza kufika wiki hiyohiyo.

Ya nne ni kuvunja upweke. Mwaka 2003 Dkt. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alianzisha mfumo wa ECHO ili madaktari wa vijijini wawatibu wenyewe wagonjwa wa homa ya ini aina ya C. Kila wiki walikutana kwa video na mabingwa, kila mmoja akaleta mgonjwa wake wa kweli, wakamjadili. Mfumo huo umetumika pia Tanzania, hasa katika VVU na kifua kikuu. Tabibu anaeleza kesi yake, bingwa anauliza, wenzake wa wilaya nyingine wanasikiliza na kuchangia. Hakuna anayebofya kurasa peke yake gizani.

Wanaobeba mzigo

Upande wa pili una malalamiko ambayo si ya uvivu.

Kwanza ni gharama. Somo la video linakula bando, na bando linatoka kwenye mshahara wa muuguzi. Simu ni yake, umeme wa kuichajia ni wake, na kioo kikivunjika ni chake. Mwajiri anahitaji leseni yake iwe hai, la sivyo hawezi kumpanga zamu. Lakini kwa kawaida hachangii hata megabaiti moja. Walimu, ambao nao wana mpango wao wa mafunzo endelevu kazini uitwao MEWAKA, waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Ni halali mkunga akiuliza kishikwambi chake kiko wapi.

Pili ni muda. Saa za kusoma hazimo kwenye ratiba ya zamu. Mtumishi anasoma baada ya kazi, watoto wamelala, au katikati ya zamu ya usiku wodi ikitulia. Video inazunguka, inakwama, inaanza tena. Mama akiita kutoka leba, somo linakatika, na mifumo mingine humtaka aanze upya. Wanawake, ambao ndio wengi katika uuguzi, wana zamu nyingine inayowangoja nyumbani.

Tatu ni lugha. Masomo mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na mengine yametungwa kwa hospitali zenye mashine ambazo mtumishi wa zahanati hajawahi kuziona. Kazi yenyewe inafanyika kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kisafwa au Kinyiha pale bibi aliyemsindikiza binti yake anapohitaji kueleweshwa. Mtu anaweza kufaulu maswali kwa kukariri maneno, na asiweze kumweleza mgonjwa maana yake.

Nne, na hili ndilo zito, ni uaminifu wa cheti. Mfumo wa maswali ya kuchagua jibu hauwezi kujua kidole kilichobofya ni cha nani. Majibu yanaweza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya jioni. Pale pointi zinapokuwa shabaha, mtu aliyechoka atatafuta njia fupi ya kuzipata, na hatuwezi kumlaumu yeye peke yake kwa mfumo uliomruhusu.

> "Mfumo wa maswali ya kuchagua jibu hauwezi kujua kidole kilichobofya ni cha nani."

Utafiti unatuambia nini

Bahati nzuri jambo hili limechunguzwa, na baadhi ya majibu bora kabisa yametoka hapahapa Tanzania.

Mwaka 2008 Dkt. David Cook na wenzake walichapisha katika jarida la *JAMA* uchambuzi wa tafiti 201 za kujifunza kwa intaneti katika fani za afya. Waligundua kwamba anayesoma mtandaoni anajifunza kwa kiasi kikubwa kuliko asiyesoma kabisa, na takriban sawa na aliyekaa darasani. Kwa hiyo wanaodharau mtandao kana kwamba si elimu hawana msingi. Somo ni somo.

Lakini kujua ni hatua moja na kutenda ni nyingine. Mwaka 2018 Alexander Rowe na wenzake walichapisha katika *The Lancet Global Health* mapitio ya mamia ya tafiti kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati. Waliuliza: ni nini hasa hubadilisha utendaji wa mtumishi kituoni? Mbinu iliyotegemea teknolojia peke yake iliongeza utendaji kwa kiwango cha kati cha pointi 1 ya asilimia. Mafunzo peke yake au usimamizi elekezi peke yake uliongeza kati ya pointi 10 na 16. Viwili hivyo vikiunganishwa, vilifika 18 hadi 19.

Sasa twende Haydom, hospitali ya Kilutheri mkoani Manyara. Mpango wa kumsaidia mtoto kupumua ulipojaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania kuanzia 2009, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hata hivyo, watafiti wa Haydom wakiongozwa na Hege Ersdal walibaini jambo la kutuamsha: baada ya kozi ya siku moja wakunga walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini chumbani kwa mama, na mtoto wa kweli, utendaji haukubadilika. Ulibadilika walipoanza mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, wodini penyewe, mwanasesere akiwa pale pale karibu na meza.

Mbegu hiyo ndiyo iliyozaa mpango wa Safer Births. Vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza viliuingia, na matokeo yake yalichapishwa mwanzoni mwa 2025. Vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban asilimia 75, na vya watoto katika siku za mwanzo kwa takriban asilimia 40. Hakukuwa na miujiza. Kulikuwa na vifaa vilivyobuniwa vizuri, mazoezi mafupi yanayorudiwa, na takwimu za wodi kujadiliwa na wenyewe waliomo wodini.

KWA TAKWIMU

- Vifo vitokanavyo na uzazi Tanzania: 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (2015/16), 104 (2022)
- Vifo vya watoto wachanga: 25 kwa kila vizazi hai 1,000 (2015/16), 24 (2022)
- Mafunzo pamoja na usimamizi elekezi: utendaji huongezeka kwa pointi 18 hadi 19 za asilimia
- Teknolojia peke yake: pointi 1

Takwimu za mistari 2 ya mwanzo zinatoka kwenye utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto. Zisome tena. Katika miaka 7 taifa lilipunguza sana vifo vya akina mama. Watoto wachanga hawakupata nafuu hiyo: 25 hadi 24. Kumwokoa mtoto asiyelia ni kazi ya mikono zaidi ya kitu kingine chochote, na mikono haifundishwi kwa kioo cha simu peke yake.

Kipi kinafaa mtandaoni, kipi hakifai

Kosa kubwa la mjadala huu ni kuyapima masomo yote kwa kipimo kimoja. Mabadiliko ya mwongozo wa dawa za VVU, dalili za hatari za ujauzito, maadili ya kazi, kusoma takwimu, namna ya kuripoti ugonjwa wa mlipuko: haya mtandao unayafundisha vizuri na kwa bei nafuu. Hakuna sababu ya kumsafirisha mtu kwenda Iringa kukaa ukumbini kusomewa kurasa ambazo angezisoma mwenyewe.

Kumpa mtoto hewa, kutoa kondo lililokwama, kushona msamba, kumfungulia njia ya hewa majeruhi aliyetolewa kwenye basi chini ya mlima Iwambi: haya yana nusu ya kusoma na nusu ya kutenda. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2018 kozi yake ya huduma za msingi za dharura, iliyojaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia, iliwekewa vituo vya mazoezi ya vitendo. Waliotunga kozi hiyo walijua kwamba shingo ya majeruhi haishikwi kwa maelezo.

Zipo pia zana zilizotengenezwa kwa kujua hali yetu. Programu ya Safe Delivery ya shirika la Maternity Foundation la Denmark inapakuliwa mara moja, kisha video zake zinaangaliwa bila intaneti. Mkunga anaweza kuangalia hatua za kumsaidia mtoto kupumua dakika tatu kabla ya kufanya zoezi na mwanasesere. Hapo simu imekaa mahali pake: inakumbusha, mikono inafanya, mwenzako anakutazama na kukusahihisha.

Kinachowezekana Mbalizi

Mbalizi haihitaji kungoja jengo jipya. Ina hospitali yenye wodi ya wazazi, ina intaneti ya barabara kuu, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda haiko mbali. Kuna hatua ambazo halmashauri, kanisa lenye hospitali na mabaraza wanaweza kuzichukua bila kusubiri mfadhili.

Ya kwanza ni saa. Saa moja ya mafunzo kila wiki iandikwe kwenye ratiba ya zamu, ihesabiwe kuwa kazi. Isipoandikwa itaendelea kuibwa kwenye usingizi wa mtumishi.

Ya pili ni bando. Kila kituo kiwe na kishikwambi kimoja na masomo yaliyokwisha kupakuliwa, na hospitali iwe na intaneti ya watumishi. Gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na nauli, malazi na posho za semina moja ya mkoa. Kampuni za simu nazo zinaweza kuyafanya masomo ya mabaraza yasikatwe bando, kwa makubaliano na Serikali.

Ya tatu ni mwanasesere na shahidi. Kila somo la stadi ya mikono liwe na sehemu mbili: ya simu, na ya wodini. Pointi za sehemu ya pili zitolewe pale mkunga mwandamizi au mganga mfawidhi anapotia saini kwamba amemwona mhusika akiifanya. Anayetia saini ya uongo aulizwe na baraza kama anavyoulizwa anayeandika dawa kwa uongo.

Ya nne ni kikao cha kanda. Mabingwa wa Mbeya wakae mbele ya kamera mara moja kwa wiki, zahanati na vituo vya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa vilete wagonjwa wao bila kutaja majina, wajadiliwe kwa Kiswahili. Mapitio ya Rowe yalionyesha kwamba vikundi vya watumishi wanaokaa pamoja kutatua tatizo la kituo chao huleta mabadiliko makubwa. Kikao kama hicho kingestahili pointi nyingi kuliko kurasa 40 za kubofya.

Ya tano ni lugha. Masomo ya msingi ya uzazi, mtoto na dharura yatolewe kwa Kiswahili sanifu na rahisi, yakitaja vifaa vilivyoko zahanati.

Wapo watakaosema mahitaji ni mengi na fedha haitoshi. Ni kweli kwamba zahanati nyingi zina upungufu wa watumishi, dawa na hata maji. Lakini mafunzo yasiyobadilisha utendaji nayo ni matumizi ya fedha, tena ya wale wenye kipato kidogo, kwa kuwa leo yanalipwa na muuguzi mwenyewe.

Hukumu

Elimu ya mtandaoni kwa watumishi wa afya ni jambo jema, na kuirudisha nyuma ni kuwaadhibu walioko vijijini. Ila imeachwa nusu. Sheria imeweka sharti, mabaraza yameweka pointi, kisha gharama na muda vikasukumwa kwa mtumishi, na ushahidi wa kwamba anaweza kutenda ukaachwa kwa dhamiri yake.

Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya na nyingine za Nyanda za Juu Kusini ziandike saa ya mafunzo kwenye ratiba ya zamu na kulipia intaneti yake katika bajeti ijayo. Hospitali za mashirika ya dini na za binafsi zifanye vivyo hivyo. Mabaraza ya taaluma yasitoe pointi za stadi ya mikono bila saini ya mtu aliyemwona mhusika akiifanya. Nawe msomaji, unapokwenda kwenye kikao cha kijiji au cha kata na diwani akauliza kero za zahanati, usiishie kwenye dawa na dari. Uliza pia wakunga wenu walifanya zoezi la kumsaidia mtoto kupumua lini mara ya mwisho, na dai jibu lenye tarehe.